Enajiseva Haiwaki, Inapepesa au Inakufa Mapema: Tafuta Chanzo Kabla ya Kununua Nyingine

“Fundi, mlituambia hizi taa zinakaa miaka. Mbona hii niliyoweka mwanzo wa mfungo, Idi haijafika imeshakufa?”

Lalamiko hili halichuji, na mara nyingi mwenye nyumba anakuwa ameshalimaliza kwa njia yake: kaenda dukani, kachukua nyingine, kaifunga palepale ilipofia ya kwanza. Faida ya taa za kubana umeme inapotelea hapo. Globu ya zamani ya wati 60 na enajiseva (ile taa yenye bomba la kioo lililosokotwa) ya wati 15 mwanga wake unakaribiana, kwa hiyo unaokoa wati 45. Ukiwasha saa tano kila usiku, kwa mwezi ni uniti 6.75. Kwa mteja wa kawaida wa TANESCO anayenunua uniti moja kwa takribani shilingi 356 pamoja na kodi na tozo, hiyo ni kama shilingi 2,400 kwa mwezi kwa taa moja tu. Taa sita za zamani zingekula uniti 54. Enajiseva sita zinakula 13.5. Aliye kwenye kundi la matumizi madogo, lile lenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, ataona mwenyewe kwamba globu za zamani zingemlia sehemu kubwa ya kikomo hicho kabla hajachomeka pasi.

Ila hesabu hiyo inasimama taa ikiishi. Ikifa kila baada ya wiki chache, ulichookoa kwenye LUKU, ile mita ya kulipia umeme kabla ya kuutumia, unakirudisha dukani. Kwa hiyo tafuta dalili yako hapa chini, na uanze na sababu ya kwanza, kwa sababu nimezipanga kuanzia inayotokea sana.

Kabla hujagusa chochote: zima meni swichi, si swichi ya ukutani peke yake. Nitaeleza chini kwa nini swichi ya ukutani haiaminiki. Iache taa ipoe. Uifunge na kuifungua kwa kushika kitako chake cha plastiki, usishike kioo, kwani ule msokoto hukatika ukiuzungusha kwa nguvu. Na tafuta ngazi au stuli imara. Kiti cha plastiki kimeangusha watu wengi kuliko shoti.

Haiwaki kabisa

Ihamishie kwenye holda nyingine ambayo unajua inafanya kazi. Ni jambo la dakika moja na linakata shauri: ikiwaka huko, taa ni nzima na ugonjwa uko kwenye holda, swichi au waya. Isipowaka, taa imekufa.

Kama taa ni nzima, holda ndiyo mtuhumiwa wa kwanza. Kwenye holda ya kuzungusha, angalia ule ulimi wa shaba katikati ya kitako. Taa ikikazwa kupita kiasi ulimi unalala chini, na taa inayofuata, hasa yenye ncha fupi, haiufikii. Meni swichi ikiwa imezimwa, unainua kidogo kwa kijiti kikavu, basi. Kwenye holda ya pini kuna vichwa viwili vyenye springi: vibonyeze kimoja kimoja kwa kijiti uone kama vinarudi. Kikikwama chini, au kikiwa na doa jeusi la kuungua, badilisha holda nzima. Usikwangue doa hilo kwa kisu ukadhani umetibu. Springi iliyopata moto imeshapoteza nguvu, na itaungua tena.

Swichi ya ukutani inafuata. Ukiibonyeza haitoi ule mlio wake mkavu, au inabidi uishikilie kidole ndipo taa iwake, imekwisha. Baada yake ni waya uliochomoka kwenye siling rozi (kile kitako cha darini ambako waya wa taa unaning'inia) au kwenye boksi la maungio juu ya dari, na huko panya nao wana sehemu yao.

Ishia hapo na umwite fundi ikiwa sakiti breka inaanguka kila ukiwasha swichi hiyo, au ukikuta ganda la waya kwenye holda limekauka na kupukutika ukiligusa. Waya wa namna hiyo hauzungushiwi selotepu.

Inapepesa ikiwa imewashwa

Taa mpya ikipepesa kwa dakika chache za mwanzo wala usihangaike. Ikiendelea, ikaze kwenye holda. Kulegea ndiyo sababu inayoongoza, na holda iliyolegea huwa na mlio mdogo wa cheche ukisogeza sikio.

Ikishakazwa na bado inapepesa, angalia umri wake. Taa inayokaribia kufa hupepesa, na mikia ya bomba lake la kioo, pale linapoingia kwenye plastiki, huwa imeshakuwa myeusi.

Sababu ya tatu ni umeme mdogo. Kiwango chetu ni volti 230, lakini saa mbili usiku mwisho wa laini ndefu, watu wote wakiwa wamewasha, unaweza kuwa chini sana. Globu ya zamani ingekuwa nyekundu tu na kuendelea. Enajiseva ina sakiti inayohitaji volti za kutosha ili kuuwasha mvuke wa zebaki ndani ya bomba; zisipotosha inajaribu, inashindwa, inajaribu tena. Dalili yake ni kwamba taa zote zinapepesa kwa pamoja, na za jirani pia. Hapo hakuna la kufanya kwenye taa: toa taarifa TANESCO, au Kenya Power kwa walioko Kenya.

Ya nne ni dima, swichi ile ya kuzungusha ya kupunguza mwanga. Enajiseva nyingi hazikutengenezwa kwa ajili yake. Hata ukiiacha imefunguliwa hadi mwisho inaiharibu taa, na nyingine huvuma. Kama boksi la taa halijaandikwa wazi kwamba inakubali dima, ondoa dima weka swichi ya kawaida.

Kama taa zinafifia kila friji au pampu inapoanza, kuna muungano uliolegea kwenye nyutro (waya unaorudisha umeme) au nyumba imefungwa waya mwembamba. Iangaliwe na fundi kabla haijageuka kuwa tatizo linalofuata.

Taa nyingine zinang'aa mno, nyingine zinafifia, kwa wakati mmoja

Hii usiifanyie uchunguzi wowote. Zima meni swichi sasa hivi.

Mara nyingi maana yake ni kwamba nyutro imekatika au imeachia, ama kwenye nguzo ama kwenye bodi yenu. Nyutro ikishaondoka kwenye laini ya fezi tatu, volti hazigawanyiki tena sawasawa: nyumba moja inapata kidogo, ya pili inaweza kupanda kuelekea volti 400. Enajiseva hupasuka kitako kwa mlio, na runinga na friji zinafuata. Ukiisikia mitaa inasema “umeme mkubwa umekuja, umeunguza vitu nyumba nne”, mara nyingi kisa chake ni hicho. Piga simu ya dharura ya shirika la umeme. Usiwashe tena hadi waje wapime, na usimruhusu kijana yeyote wa mtaani kupanda nguzo.

Imezimwa lakini inamulika gizani

Hii ndiyo inayowatia watu hofu. Usiku wa manane, swichi imezimwa, taa ya sebuleni inapiga mmweko, inanyamaza, inapiga tena. Nimeshaulizwa kama ni majini.

Ndani ya kitako cha taa kuna kapasita. Kukiwa na umeme kidogo sana unaovuja kupita kwenye swichi, unajikusanya humo polepole hadi unatosha kujaribu kuwasha bomba. Linamweka mara moja, kapasita inakuwa tupu, mzunguko unaanza upya.

Uvujaji huo hutoka wapi? Angalia swichi yako kwanza. Kama ina kitaa chekundu au cha kijani kinachowaka ikiwa imezimwa ili uione gizani, umeshapata jibu, kwa sababu kitaa hicho kinapitisha umeme wake ndani ya taa. Weka swichi isiyo na kitaa.

Kama swichi ni ya kawaida, kuna uwezekano mkubwa kwamba aliyefunga nyumba amekata nyutro kwenye swichi badala ya kukata waya wa moto. Taa inawaka na kuzima vizuri tu, kwa hiyo hakuna anayejua. Lakini swichi ikiwa imezimwa, moto bado uko juu kwenye holda unakusubiri. Ndiyo maana nilisema zima meni swichi. Mtu anazima swichi ya ukutani, anapanda bila viatu kwenye sakafu yenye majimaji, anaingiza kidole kwenye holda. Kwa fundi kugeuza waya hizo ni kazi ndogo, na akishaona moja imekosewa akague zote, maana mkono uliofunga ile ndio uliofunga hizi.

Mara chache sababu ni swichi mbili zinazowasha taa moja, kama za kwenye ngazi za ghorofa, ambapo waya zinakwenda pamoja umbali mrefu na umeme unajirusha kutoka mmoja hadi mwingine. Hiyo haina madhara zaidi ya kuudhi. Iliyo ya mwisho ndiyo mbaya: ukuta uliolowa kwa bati linalovuja, waya ndani yake ganda limeharibika. Mmweko ukianza au ukizidi wakati wa mvua, au ukuta ukikutetemesha ukiugusa, zima meni swichi na umwite fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati Tanzania, siku hiyohiyo.

Inaanza na mwanga hafifu, au haina mwanga wa kutosha

Kuchelewa ni tabia yake. Nyingi zinahitaji dakika moja hadi tatu kufikia mwanga kamili, na kwenye baridi ya Makete au Limuru zinavuta zaidi, kwa sababu zebaki ndani yake inataka joto ili igeuke mvuke. Taa ya aina hii haifai chooni wala kwenye ngazi.

Kama hata baada ya dakika hizo mwanga ni mdogo, ifute vumbi na masizi ikiwa imezimwa na imepoa. Jikoni kwa mkaa hiyo peke yake inatosha kurudisha mwanga. Halafu soma upya boksi lake. Wauzaji hupenda kuandika kwamba wati 15 ni sawa na 75 au zaidi. Wewe zidisha kwa nne: 15 ni 60, na 20 hadi 23 ndiyo inayokaribia globu ya wati 100. Au angalia lumeni. Globu ya wati 60 iko kwenye 800 hivi. Rangi nyeupe ya kipande cha barafu nayo inadanganya macho, haina maana kwamba mwanga ni mwingi kuliko ule wa manjano.

Taa iliyozeeka hupoteza mwanga polepole bila kuzimika. Ikifikia hapo ibadilishe, kwa sababu inakula uniti zilezile.

Mikia ya bomba inawaka rangi ya chungwa, harufu ya plastiki kuungua, kitako kimegeuka kahawia

Izime. Mikia inayowaka chungwa huku bomba lote liko giza maana yake nyuzi za ndani zinapata moto lakini taa haiwezi tena kujiwasha, na joto lote linabaki kwenye kitako. Taa nzuri hujikatia yenyewe mwisho wa maisha yake, kwa moshi kidogo hata, na mambo yakaisha. Taa ya bei ya chee inaweza kuendelea kupika plastiki yake hadi itoboke.

Usijaribu kuifungua uunganishe kapasita. Najua wapo wanaofanya hivyo, wanatoa bomba la hii na sakiti ya ile. Kapasita inabaki na umeme hata baada ya kuchomolewa, na ukivunja bomba unapumua zebaki kwa ajili ya kitu cha shilingi elfu chache. Kisha kabla ya kufunga taa mpya kagua holda: nayo ikiwa imegeuka kahawia, inakwenda na taa yake.

Zinakufa mapema

Kwenye boksi wanaandika saa 6,000 hadi 10,000, dhidi ya saa 1,000 hivi za globu ya zamani. Ni kweli, ila kipimo hicho hufanywa taa ikiwashwa kwa karibu saa tatu mfululizo kila mara. Nyumbani kwako inaishi maisha mengine.

Chooni na stoo inawashwa dakika mbili, inazimwa, mara ishirini kwa siku. Kila kuwashwa kunang'oa kidogo ya ile dawa iliyopakwa kwenye nyuzi zake, na dawa ikiisha taa imeisha, hata kama haijamaliza saa zake. Idara ya Nishati ya Marekani ilishauri kwamba kama utarudi ndani ya dakika 15, enajiseva iache iwake. Zaidi ya hapo izime. Ni ushauri mzuri kwa sebule. Kwa choo, weka LED. Taa za nje zenye sensa ya kuhisi mtu anayepita nazo ni hivyohivyo.

Joto ndilo muuaji wa pili, na ndilo watu wasilolifikiria. Hizi kava nzuri za mviringo zilizozibwa pande zote, na zile holda zilizozama ndani ya dari: taa inaning'inia kichwa chini, joto linapanda, na kilichoko juu ni kitako chenye sakiti. Kapasita inakauka kama mbegu juani. Ukiona taa za dari zinakufa na ile ya mezani imedumu miaka, wala usipime kitu. Ondoa kava, au weka taa ya wati ndogo zaidi, au badilisha kuwa LED iliyoandikwa kwamba inafaa kwenye kava lililozibwa, kwa sababu LED nayo haipendi joto.

Ya tatu ni umeme wenyewe. Ukikatika, zima taa na vyombo vyako, na ukirudi subiri dakika chache kabla ya kuwasha. Ule mrudisho wa kwanza huja na kishindo.

Na feki zipo, bila shaka. Nyepesi mkononi, maandishi yanafutika kwa kidole, hakuna jina la mtengenezaji wala saa za kuishi. Nimeiweka nyuma makusudi, kwa sababu kila mtu anaanza na feki, na akishasema “ni feki” haangalii tena kava, choo wala nyutro.

Zikifa zaidi ya moja kwenye holda ileile huku nyingine za nyumba ni nzima, tatizo ni holda au mahali. Zikifa nyumba nzima ndani ya muda mfupi, tatizo ni umeme, na volti zinatakiwa zipimwe.

Jambo moja kuhusu zinazofuata. Taa hizi ziliingia kwa kishindo. Mwaka 2007 Uganda iligawa karibu 800,000, na mwaka 2010 Kenya ikagawa bure milioni 1.25. Sasa zinaondoka. Chini ya Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, nchi zilikubaliana mwaka 2022 kwamba enajiseva za kawaida za nyumbani, zenye sakiti ndani ya kitako na wati zisizozidi 30, zisitengenezwe wala kuingizwa baada ya 2025. Kwa hiyo nzima usiitupe, itumie hadi iishe, lakini ikifa usitafute mwenzake. LED ya wati 8 au 9 inafanya kazi ya enajiseva ya 15, inawaka papo hapo, na haina zebaki.

Nimeweka enajiseva lakini LUKU bado inakimbia

Taa si mkosaji. Wati 15 kwa saa tano haifiki hata sehemu moja ya kumi ya uniti. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka dakika tano imekula zaidi ya hapo. Tafuta pasi, hita ya maji, jagi, jiko la umeme, na friji yenye mpira wa mlango uliochoka. Kumbuka pia kwamba tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU, na kama wewe ndiye unayenunua kwanza kwa mwezi, uniti zitakuja pungufu.

Kwenye nyumba ya kupanga yenye LUKU moja kwa wapangaji wote, fanya hivi: kila mtu azime vyake, kisha tazama mita. Kitaa chake kikiendelea kupepesa kuna kitu kinakula. Inaweza kuwa chumba cha mtu aliyesafiri akaacha friji, inaweza kuwa waya uliochepushwa, na inaweza kuwa umeme unaovuja ardhini. Mbili za mwisho ni za fundi.

Inveta inalia wakati wati hazijafika

Enajiseva za bei ndogo huvuta umeme kwa mapigo, si kwa utulivu. Mita ya nyumbani haikutozi kwa hilo, lakini inveta au jenereta ndogo inalihisi: taa ya wati 15 inaweza kuilemea kama mzigo wa karibu 30. Hesabu mara mbili ya wati unapopanga mzigo. Na kama inveta si ya wimbi safi na taa zinavuma au kitako kinachemka, weka LED.

Imevunjika

Kiasi cha zebaki ni kidogo, kwa kawaida chini ya miligramu 5, kwa hiyo hakuna sababu ya kupiga kelele. Lakini fuata utaratibu. Toa watoto na wanyama, zima feni au kiyoyozi, fungua madirisha, na kaeni nje dakika 5 hadi 10. Usitumie ufagio wala mashine ya kunyonya vumbi. Vyote viwili vinairusha hewani. Vaa mifuko ya plastiki mikononi kama huna glovu, kusanya vipande kwa karatasi ngumu mbili, na unga uliobaki uunase kwa selotepu kisha ufute kwa karatasi mbichi. Tia vyote, pamoja na karatasi, kwenye chupa yenye kifuniko au mfuko uliofungwa vizuri, uuweke nje ya nyumba. Usichome pamoja na taka, maana moto unaigeuza zebaki yote kuwa mvuke.

Ikivunjikia kitandani, shuka na nguo zenye vipande usizifue. Zifunge na kuzitupa. Aliyekatwa na kioo hicho kipande kikabaki ndani, au mtoto aliyetia kipande mdomoni, apelekwe kituo cha afya, na useme wazi kwamba ni kioo cha taa yenye zebaki.